Yule Mweusi wa Kwenye Kenchi

Ukitaja nyuki Dodoma, swali linalofuata ni bei ya lita. Asali inashuka kutoka Manyoni na Itigi, inatoka Kondoa, inatoka Singida, inauzwa kando ya barabara kwenye chupa za maji, na mnunuzi anayejijua haitoi hela kabla hajaitikisa chupa na kuitazama juani. Aliyekulia huku anajua nyuki wa aina mbili. Wapo nyuki wakubwa, wanaouma, wenye mizinga inayoning'inia kwenye mibuyu na migunga. Na wapo nyuki wadogo, wasiouma, ambao asali yao inatafutwa kwa ajili ya kikohozi na inauzwa ghali kuliko ile nyingine. Kilichobaki chote kinachoruka na kuvuma, hilo ni dudu tu.

Mgawanyo huo sina ugomvi nao. Umelisha watu. Ila umepanga nyuki kwa kuangalia mfuko wa mpangaji, na kwa hiyo umeacha nje karibu nyuki wote. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki zilizokwisha kupewa majina. Nyuki wa asali wa kweli, wale wa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) ya Apis, hawafiki dazeni moja kwa hesabu ya wataalamu wengi, na hapa kwetu ni spishi moja tu, Apis mellifera. Nyuki wadogo wana spishi zao kadhaa. Wengi wa waliobaki hawana malkia, hawana kundi, hawana asali ya kurinwa. Jike mmoja anatafuta shimo, analisha watoto wake mwenyewe, basi.

Kati ya hao, mmoja anaishi kwenye kenchi ya baraza yangu, na ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Ni mweusi, mnene, urefu wake sentimita mbili na kitu. Akipita karibu na sikio unasikia uzito wake kabla hujamwona. Mabawa ni meusi pia, lakini jua likiyapiga kwa ubavu yanatoa rangi ya zambarau. Mgongoni, pale kifua kinapokutana na tumbo, ana mistari miwili ya manyoya ya manjano, mmoja upande wa kifua na mwingine upande wa tumbo, na katikati yake pana ufa mweusi mwembamba. Mistari hiyo ikumbuke, maana ndiyo inayomtambulisha kwa jicho la kawaida. Kwa Kiswahili ninamwita nyuki seremala, kama wenzangu wengine wanaofundisha baiolojia. Jirani zangu wengi hawana haja ya jina.

Kenchi ni ya mbao laini, zile za paini zinazoletwa kutoka Mufindi. Upande wa chini, palipo na kivuli, kuna tundu la mviringo linaloingia kidole changu cha mwisho, mdomo wake umenyooka, ungedhani fundi umeme alipita na drili. Chini yake kwenye sakafu kunakuwa na kichuguu kidogo cha maranda mapya, na ukutani unashuka mchirizi wa manjano iliyokolea, ambao ni kinyesi chenye mabaki ya chavua. Mchirizi huo ndio ulionigombanisha na fundi aliyekuja kupiga rangi.

"Mwalimu, hawa wadudu ukiwaacha watakula kenchi yote."

"Hawali, fundi. Wanatoboa tu."

"Sasa akitoboa, anapeleka wapi?"

Nikamwonyesha maranda sakafuni. Akayachota kwa vidole, akayasugua, akakubali nusu. Alitaka kuziba tundu kwa pamba iliyochovywa petroli, kisha apake mbao zote oili chafu, dawa ambayo kila fundi wa huku anaiamini kuliko daktari. Oili chafu kwenye kenchi sikuikataa, kwa sababu ya mchwa. Mchwa wa Dodoma hawana masihara. Tundu nilimwomba aliache. Tundu moja mbili kwenye boriti nzima haziangushi nyumba. Matatizo yanaanza vizazi vikirudia mbao ileile miaka na miaka, kila binti akiongeza chumba chake, na hilo huonekana mapema kwa mwenye kuangalia juu mara mojamoja.

Fundi alikuwa sahihi kwenye jambo moja: kutoboa huko ni kazi kubwa. Jike anatumia taya zake peke yake. Anajibana kwenye mbao, anatetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na mtetemo huo unashuka hadi kwenye taya, ndiyo ile sauti ya kukereza unayoisikia ndani ya dari mchana wa kimya. Tundu linaingia kidogo kukata nyuzi za mbao, kisha linakata kona na kufuata nyuzi, kwa sababu huko ndiko mbao inakoachia kirahisi. Mbao hailiwi. Anachokula yeye, na anachowalisha wanawe, ni nekta na chavua.

Ukitaka kuona ndani, usipasue kenchi. Tafuta mkonge. Huku kati tuna mikonge kwenye mipaka ya mashamba na kuzunguka maboma ya zamani, na kila mmea ukishatoa lile shina refu la maua unakufa, shina linabaki limesimama, kavu, jepesi, laini ndani. Nyuki seremala wanalipenda kuliko mbao yoyote ya dukani. Mkonge wenyewe ni mgeni: asili yake Mexico, uliletwa pwani ya Tanga mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf kupitia Florida, na katika miche elfu moja iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika hai. Kwa hiyo nyuki huyu, ambaye amekuwa Afrika muda wote, ana chini ya karne moja na nusu tangu apewe nyumba za mkonge, na amezizoea.

Shina la zamani, ambalo wenyewe wamekwisha kuondoka, ukilipasua kwa panga kwa urefu unakuta handaki lenye kuta laini, limegawanywa vyumba. Kuta za kugawa vyumba zimetengenezwa kwa maranda yaliyochanganywa na mate na kuviringishwa. Upande mmoja wa kila ukuta unaonekana zile duara zikizungukana kuelekea katikati. Kwenye shina linalotumika, kila chumba kina donge la chavua iliyokandwa na nekta, gumu kiasi cha kushikika, rangi ya manjano hadi kahawia kutegemea maua yaliyokuwepo. Juu ya donge hilo kuna yai moja. Yai lenyewe linashangaza. Nyuki wa jenasi hii wana mayai makubwa kuliko wadudu wengine wote wanaojulikana. Kwenye spishi kubwa linapita sentimita moja na nusu. Malkia wa mzinga hutaga mayai mengi kwa siku moja kuliko huyu anayotaga maisha yake yote. Huyu anataga machache, na kila moja anaacha nalo chakula chote ambacho buu atahitaji mpaka awe nyuki kamili, kisha anaziba mlango.

Ndio maana wanaitwa nyuki wapweke. Nalikubali jina hilo kwa shingo upande. Kwa nyuki wengi wa kundi hilo ni kweli tupu: mama anaziba chumba cha mwisho na kufa, watoto wanatoka bila kumwona. Nyuki seremala mama mara nyingi bado yupo. Wanawe wakishakomaa hukaa naye kiotani wiki kadhaa kabla ya kutawanyika, anakuja na chakula anawagawia, na wakati mwingine binti anabaki, analinda mlango, wawili wanatumia handaki moja. Hakuna vibarua wasiozaa, hakuna malkia. Lakini ukisema mpweke, msikilizaji anamwona mtu asiye na ndugu, na huyu ndugu anao, ndani ya tundu na nje yake. Hao wa nje ndio wameichukua sayansi zaidi ya miaka mia mbili kuwapanga.

Carl Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina mawili mawili tunaoutumia mpaka leo, alimpa nyuki huyu jina mwaka 1767, kutokana na mdudu aliyeletwa kutoka kusini mwa Afrika. Alimwita Apis caffra. Utaona alimweka Apis, jenasi moja na nyuki wa asali. Haikuwa kwamba amegundua undugu wao. Linnaeus alitupa humo nyuki wote, wa Ulaya, wa Afrika, wa popote. Jenasi moja kwa ulimwengu mzima wa nyuki. Na sheria ya majina haikumwonea haya hata yeye mwenyewe: nyuki wa asali alimwita mellifera mwaka 1758, miaka mitatu baadaye akaona jina jingine linafaa zaidi, akalibadili. Halikushika. La kwanza ndilo linalosimama, hata dhidi ya aliyelitoa.

Mwaka 1802 gunia hilo likapasuliwa na watu wawili kwa mpigo. Uingereza, kasisi William Kirby aliwatenga nyuki wa nchi yake kwa kuangalia ndimi, wenye ulimi mrefu huku na wenye ulimi mfupi kule. Ufaransa, Pierre André Latreille aliwatoa nyuki seremala kwenye Apis na kuwapa jenasi yao, Xylocopa. Latreille naye alikuwa kasisi, na habari yake siwezi kuiruka. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alitiwa gerezani pamoja na mapadri wengine, akingoja asichokijua. Daktari wa gereza akamkuta anachunguza kidudu sakafuni. Akamwuliza, akajibiwa kwamba huyu ni adimu. Daktari akakipeleka kwa kijana mmoja mpenda wadudu, Bory de Saint-Vincent, na kupitia kijana huyo na jamaa zake Latreille akatolewa. Wenzake waliobaki walikufa muda mfupi baadaye. Wanafunzi wangu wakiniuliza kusoma wadudu kuna faida gani, hiyo ninayo mfukoni, ingawa nakiri si mara nyingi mtu hupata nafasi ya kuitumia hivyo.

Baada ya hapo nyuki wa baraza yangu alihamishwa nyumba mara kadhaa bila yeye kusogea. Mwaka 1952 mtaalamu wa Afrika Kusini S. H. Skaife alipochapisha uchunguzi wake wa kina juu ya maisha ya nyuki huyu, alimwita Mesotrichia caffra. Miaka kumi na moja baadaye, 1963, Paul Hurd na padri wa Brazili J. S. Moure wakaipanga upya jenasi nzima ya nyuki seremala wa dunia, wakaigawa katika vikundi vingi vidogo. Mwaka 1998 Robert Minckley akaviunganisha vingi vya hivyo vikawa vichache. Leo anaandikwa Xylocopa caffra, ndani ya jenasi ndogo iitwayo Koptortosoma, na Mesotrichia limebaki jina la kikundi cha jirani zake. Neno caffra ndilo pekee lililovuka salama kutoka 1767.

Uhamisho mkubwa zaidi ulikuwa wa ngazi ya familia, ile iliyo juu ya jenasi. Kwa miaka mingi nyuki seremala walihesabiwa katika familia iliyoitwa Anthophoridae, mbali na familia ya nyuki wa asali. Ilikuwa familia ya kuwekea nyuki wenye ndimi ndefu wasio na makundi makubwa. Mwaka 1993 Arturo Roig-Alsina na Charles Michener walilinganisha maumbo ya nyuki wa ndimi ndefu, wakubwa na mabuu, kiungo kwa kiungo, wakaona kwamba familia hiyo haikusimama. Wakaiingiza ndani ya Apidae, familia ya nyuki wa asali. Ndivyo Michener alivyoiweka kwenye kitabu chake kikubwa cha nyuki wa dunia, toleo la 2000 na lile la 2007, chenye familia saba, na utafiti wa vinasaba uliofuata haujaifufua Anthophoridae.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Nyuki wa kenchi, asiye na asali wala kundi, yupo familia moja na nyuki wa mzinga. Na yule nyuki anayekata vipande vya mviringo kwenye majani ya mawaridi na mbaazi, ambaye kwa ukubwa na rangi anafanana na nyuki wa asali kiasi kwamba wengi humdhania ndiye, yupo familia nyingine kabisa, Megachilidae, na anabeba chavua chini ya tumbo badala ya miguuni. Ukipanga kwa asali, nyuki seremala na mkata majani wanakaa fungu moja la madudu yasiyo na faida. Ukipanga kwa ukoo, mmoja wao anaingia ndani kwa mfugaji.

Niliwahi kumweleza hivyo mzee mmoja wa Manyoni mwenye mizinga mingi, baada ya shikamoo na habari za mvua. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sawa mwanangu, ndugu. Lakini ndugu asiyeleta kitu nyumbani."

Kumtambua kwa uhakika si kazi ya simu. Tatizo la kwanza ni dume lake. Dume wa Xylocopa caffra hana weusi wala mistari. Amevaa manyoya ya manjano inayoelekea kijani mwili mzima. Ukiwaweka jike na dume kwenye sahani moja, mtu mwenye akili timamu atakuambia ni spishi mbili. Wataalamu wa zamani nao walisema hivyohivyo. Kwenye jenasi hii yapo majina kadhaa yaliyotolewa kwa dume wakati jike wake tayari ana jina, kwa sababu aliyeandika alikuwa Ulaya na kisanduku cha wadudu waliokaushwa, hajawahi kuwaona wakitoka tundu moja. Dume utamjua kwa tabia. Anaelea hewani mahali pamoja, karibu na kichaka chenye maua au karibu na viota, na anafukuza kila kinachopita, hata kijiwe utakachokirusha. Watoto wa mtaani kwetu wanajua mchezo huo vizuri. Mama zao wanawakemea bure, dume hana mwiba. Mwiba wa nyuki umetokana na kiungo cha kutagia mayai, na dume hakuumbiwa kutaga. Jike anao, ila mpaka umshike.

Tatizo la pili ni rangi ya jike mwenyewe. Kuna majike wa spishi hiihii ambao mistari yao ni meupe badala ya manjano. Na kuna spishi nyingine za huku zenye manyoya meupe au manjano kifuani au ubavuni, kama Xylocopa inconstans, au lile pandikizi Xylocopa nigrita lenye pembeni nyeupe. Kwa hiyo ufunguo wa utambuzi haukuulizi rangi kwanza. Unakuuliza umbo. Kwa Koptortosoma, ile sahani ndogo ya nyuma ya kifua ina ukingo mkali unaotokeza na kufunika kilicho chini yake. Unahitaji lenzi nzuri, mwanga wa ubavu, na mdudu aliyekufa, aliyechomwa pini, asiye na vumbi. Connal Eardley wa Afrika Kusini alichapisha mwaka 1983 mapitio ya jenasi hii kwa kusini mwa Afrika, na ndiye kiongozi wa kwanza ninayemfuata, nikijua kwamba mpaka wa kitabu chake uko kusini ya hapa. Kwingine inabidi kulinganisha na vielelezo vya makumbusho. Vielelezo vingi vya zamani vya wadudu wa nchi hii viko Berlin, tangu enzi za Mjerumani, na vingine London. Mwalimu wa sekondari wa Dodoma hafiki huko kwa daladala.

Kuna alama moja ambayo naipenda kuliko zote, na haihitaji kitabu. Ukipata jike aliyekufa, mkunje taratibu pale kiunoni, tumbo lielekee chini. Mbele ya tumbo, upande unaotazama kifua, utaona kitundu. Ni mlango wa chumba kilichomo ndani ya pingili ya kwanza, na humo ndani, ukiwa na bahati, wamejaa utitiri wa rangi ya kahawia, jamaa wa kupe, wamepangana vizuri. Ni utitiri wa jenasi ya Dinogamasus. Dume hana chumba hicho. Jike anazaliwa nacho, anasafiri nao, na akijenga kiota wanashuka na kuishi vyumbani pamoja na mabuu na pupa bila kuwaua, kisha kizazi kipya cha utitiri kinapanda kwenye majike wapya. Skaife alishughulika sana na jambo hilo kwenye andiko lake la 1952. Kwa mtu wa uainishaji, chumba hicho kina thamani nyingine: kinapatikana kwa baadhi tu ya vikundi vya nyuki seremala, kwa hiyo mpangilio wa wageni unasaidia kusoma mpangilio wa wenyeji.

Faida, basi, kwa wale wanaouliza kama mzee wa Manyoni. Nitaanza na mahali ambapo hana: zabibu. Dodoma tunajisifia zabibu, na nimeshasikia watu wakisema nyuki wakiisha zabibu zitaisha. Hapana. Mzabibu wa shambani una ua lenye jinsia zote mbili na unajichavusha wenyewe, au upepo unasaidia. Tusimsingizie nyuki sifa.

Nenda kwenye mbaazi. Mvua zikishakatika, mahindi au mtama vimevunwa, shamba limebaki na mbaazi zenye maua ya manjano, ndipo nyuki seremala anakuwa na shughuli. Ua la mbaazi limefungwa. Petali mbili za chini zimekumbatia viungo vya uzazi na zinahitaji mzigo ili zifunguke. Anatua juu yake, uzito wake unazishusha, chavua inampata tumboni, ua likifuata vivyo hivyo. Mbaazi inaweza kujichavusha sehemu kubwa bila yeye, lakini chavua ya kutoka mmea hadi mmea inabebwa hasa na nyuki wakubwa wa aina yake pamoja na wale wakata majani. Mkulima anayetenga mbegu za aina mbili bila kuacha nafasi kati ya mashamba anapata mchanganyiko, na aliyechanganya ni huyu.

Kwenye nyanya, bilinganya na nyanya chungu kazi ni tofauti. Maua ya jamii hiyo yanaficha chavua kwenye vifuko vyenye kitundu kwenye ncha tu. Nyuki seremala analishika ua, anatulia mabawa, anatetemesha kifua, ni mtetemo uleule anaotobolea mbao, na chavua inamwagika. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Anapita anaokota masazo. Simama asubuhi kwenye tuta la bilinganya, usikilize: mlio wa kuruka unakatika, unasikia mwingine mwembamba zaidi, wa sekunde moja mbili, kisha wa kuruka unarudi. Huo wa katikati ndio uchavushaji.

Limebaki suala la jina, ambalo nimelipita juujuu. Caffra ni neno lenye asili moja na kafiri letu. Wazungu walilichukua, wakalifanya jina la Waafrika weusi wa kusini, na Afrika Kusini likawa tusi zito ambalo leo mtu anafikishwa mahakamani kwa kulitamka. Linnaeus na waliomfuata wakalibandika kwenye mimea na wanyama wengi wa kule. Julai 2024, jijini Madrid, wataalamu wa mimea walipiga kura juu ya pendekezo la Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Gqeberha, Afrika Kusini: majina yote ya mimea yenye caffra na ndugu zake yasomeke affra, kuanzia 2026. Kura 351 zilikubali, 205 zilikataa. Majina zaidi ya 200 yakaguswa. Mng'ongo wetu ni mmoja, maana ule unaoota huku kwa kirefu ulikuwa Sclerocarya birrea, jamii ndogo ya caffra.

Wanyama wana kanuni yao na tume yao, na tume hiyo ilikwisha kutoa msimamo mwaka 2023 kwamba haitafuta majina kwa sababu za kimaadili. Uthabiti wa jina kwanza. Matokeo yake ni kwamba mng'ongo umebadilishiwa jina, na nyuki anayeweza kuwa ametoboa tawi lake kavu bado anaitwa vilevile kama 1767.

Hoja ya uthabiti naielewa. Nimetoka kueleza jinsi jina la jenasi la nyuki huyu lilivyohama, na kama na caffra nalo lingekuwa linahama, andiko la Skaife nisingelipata hata kwa tochi. Lakini herufi moja kutolewa haimpotezi mtu. Watu wa mimea wameonyesha njia: halikufutwa jina wala kutafutwa jipya, limekatwa c tu, na aliyelizoea la zamani analitambua la sasa bila kamusi. Sioni kwa nini nyuki ashindwe. Mpaka hapo itakapoamuliwa, ubaoni naandika Xylocopa caffra kama kanuni inavyotaka, nasema limetoka wapi, na darasa la kidato cha tatu linabishana mpaka kengele ya kipindi kingine.